Somo: Kuondoa mikwaruzo kwenye rili ya chuma (usishike msasa kabla ya hatua ya 3)

Mbukwenyi wadau.

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne, na mara mbili kati ya hizo ilikuwa usiku wa manane, jinsi ya kuondoa mikwaruzo kwenye rili ya kuvulia samaki. Naandika mara moja. Atakayeniuliza tena nitamtumia uzi huu na sitaongeza neno.

Rili za Dodoma zinaumia kivyake. Sisi tuna Hombolo hapa jirani na Mtera, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara ya Iringa. Rili inafika kule imefungwa nyuma ya pikipiki, njia nzima inasuguana na ndoo, na ikifika inalazwa mchangani. Mchanga wetu umetokana na majabali haya haya yaliyozagaa mjini, na punje zake ni ngumu kuliko alumini. Halafu mtu anasema kambale kamharibia rili!

Vifaa: msasa wa maji namba 1000, 1500 na 2000 (nenda kwa wauza rangi za magari, usichukue wa seremala), polishi ya chuma, sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani, tepu ya karatasi, na soksi ya nailoni ya mama watoto iliyokwisha toboka. Nasisitiza, iliyokwisha toboka.

Hatua ya 1. Toa mshipi wote, toa spuli (kile kipande mshipi unapoviringishwa), na kila kinachotoka kipige picha kwa simu kabla hujakiweka mezani.

Hatua ya 2. Osha kwa sabuni na mswaki, kausha. Alama nyingi zitaondoka hapa hapa, maana ni plastiki ya ndoo na raba zilizogandia. Zinazobaki futa kwa spiriti kwanza.

Hatua ya 3. Jua unasugua nini. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo vumilia maelezo.

Rili nyingi tunazoziita za chuma ni alumini, na alumini hiyo mara nyingi imepitishwa kwenye anodaizi. Kiwandani wanaizamisha kwenye tindikali na kupitisha umeme, sehemu ya juu inageuka ngozi ngumu ya oksaidi, kisha rangi inanyweshwa ndani ya ngozi hiyo. Ile dhahabu au bluu unayoiona haikupakwa kwa brashi. Na ngozi yenyewe ni nyembamba kuliko unywele. Ukisugua mkwaruzo wenye kina mpaka uishe, ngozi nayo imekwisha, na hakuna polishi duniani ya kuirudisha.

Mimi nilikuwa na rili ya dhahabu niliyorithi kwa mjomba. Ukingoni mwa spuli kulikuwa na mkwaruzo urefu wa kope. Nikachukua msasa namba 400, mkavu, nikasugua. Mkwaruzo ukaisha, pakabaki doa jeupe kama sarafu kwenye dhahabu yote ile. Badala ya kukomea hapo, nikaona bora nitoe rangi yote ilingane. Jirani anatengeneza sabuni, akanipa magadi ya moto, ile kostiki. Nikaizamisha spuli kwenye kopo. Ikaanza kuchemka yenyewe bila moto, povu linapanda, na mimi nimesimama nafurahi kwamba inafanya kazi. Dakika kumi baadaye nikaitoa kwa koleo ikiwa na rangi ya sufuria iliyopikiwa mlenda wa magadi miezi mitatu. Ile ngozi ilikwisha mapema, kilichokuwa kinaliwa ni alumini yenyewe. Tundu la beringi lilipanuka, na tangu siku hiyo spuli inacheza ikizunguka. Sasa inawekewa kalamu.

Kwa hiyo:

Usiweke kostiki kwenye alumini. Hata magadi ya jikoni usiweke. Lile povu ni gesi ya haidrojeni na inashika moto, na mimi nilikuwa ndani, jiko la mkaa linawaka pembeni.

Pima kwa mita ya fundi umeme. Iweke kwenye mlio, gusa sehemu yenye mkwaruzo kwa ncha zote mbili, taratibu bila kukandamiza. Ikilia, hapo ni chuma kitupu, unaweza kusugua. Isipolia, ngozi au rangi bado ipo. Rangi ya kupakwa ukipitisha kucha utasikia kingo pale ilipobanduka, anodaizi haibanduki hivyo.

Kama bodi imeandikwa ni magnesiamu, msasa usiusogeze kabisa. Vumbi lake linashika moto, na pakishakuwa wazi panaliwa haraka. Ziba mkwaruzo kwa rangi ya kucha isiyo na rangi, basi.

Hatua ya 4. Amua kama kuna haja. Mkwaruzo wa ubavuni ni urembo tu, hauzuii samaki. Unaogharimu ni wa ukingoni mwa spuli na wa kile kigurudumu kidogo kinachopitisha mshipi. Pitisha soksi pale polepole. Ikinasa hata uzi mmoja, mshipi nao unanasa kila unaporusha, unaota vinyweleo, na siku ya samaki wa maana unakatika. Sehemu hizo sugua hata kama rangi itatoka. Kwingine kokote penye anodaizi, ishi na mkwaruzo wako. Kwenye rili nyeusi, kalamu ya wino usiofutika inaficha vizuri.

Hatua ya 5. Zungushia tepu pale usipotaka paguswe, na ziba tundu la beringi. Loweka msasa kwenye maji ya sabuni, anza na 1000, maliza na 2000, ukifuata mduara wa spuli. Suuza kila unapobadilisha namba. Punje moja ya 1000 ikibaki, unaanza upya.

Hatua ya 6. Polishi kidogo kwa kitambaa cha pamba, osha, kausha, paka nta ya gari. Nta na polishi visifike kwenye washa (zile pete bapa) za breki za ndani, zitateleza na samaki ataondoka na mshipi wote.

Maswali yaanze.

WA NKUHUNGU: Mkuu rili yangu ya bluu ina mkwaruzo mkubwa ubavuni, nitumie msasa namba ngapi?

JIBU: Hatua ya 3 na ya 4.

WA NKUHUNGU: Nimesoma mkuu, ila sina mita.

JIBU: Fundi simu yeyote anayo, ni kazi ya dakika moja. Na umesema ubavuni. Ubavuni usisugue.

WA KONDOA: Mnapoteza hela bure. Dawa ya meno inatosha, mimi natumia miaka yote.

JIBU: Sijasema haifanyi kazi kaka. Dawa ya meno ina punje laini za kusugulia, inaondoa ukungu wa juu juu na chuma kinang'aa. Ila mkwaruzo unaonasa kucha utamaliza kopo na utaukuta pale pale. Pitisha soksi kwenye spuli yako halafu uje utuambie.

WA SINGIDA: Shikamoo mzee wangu. Yangu haina mikwaruzo, ina vidoa vyeupe kama unga. Nikivikwangua nakuta vishimo chini yake. Huwa navua Singidani. Ni ugonjwa gani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeangalia vizuri, wengi wangeufuta unga na kusahau. Maji ya Singidani yana chumvi, na chumvi inaingilia pale ngozi ilipotoboka, hata kwa tundu dogo usiloliona. Unga huo ni alumini iliyokwisha liwa. Changanya siki ya mezani na maji, nusu kwa nusu, bandika kwa pamba dakika chache, sugua kwa mswaki, suuza sana. Vishimo havitajaa, ila vitaacha kukua ukivikausha vizuri na kuviziba kwa rangi ya kucha isiyo na rangi. Na kila utokapo ziwani suuza rili kwa maji ya bomba yanayotiririka polepole. Ukiyapiga kwa presha unaisukuma chumvi mpaka kwenye beringi.

WA MPWAPWA: Naomba kuelewa, kwa nini kufuata mduara? Kukata kwa kupanda na kushuka si ndiyo kunamaliza haraka?

JIBU: Dada, hili nilitamani liulizwe. Spuli ilikerezwa ikiwa inazunguka. Iweke juani uigeuze geuze, utaona vistari vyembamba vimeizunguka. Ukisugua kwa mduara, alama zako zinajificha ndani ya hivyo. Ukikata, kila alama inaonekana. Halafu ukikaa sehemu moja unachonga ubapa ukingoni, na mshipi unatakiwa utokee kwenye duara kamili.

WA CHAMWINO: Nimefuata yote, spuli inang'aa kama kioo. Sasa mshipi wa kusuka unateleza, unazunguka wote kwa pamoja juu ya spuli.

JIBU: Nani alikwambia ung'arishe tumboni? Nilisema ukingo. Haya, inatibika. Toa mshipi, zungusha kwanza nailoni ya kawaida mizunguko kama kumi, ufunge wa kusuka juu yake. Huna nailoni, tepu ya karatasi mzunguko mmoja inatosha.

WA KONDOA: Soksi imenasa.

JIBU: Namba 1000, kaka. Maji ya sabuni. Polepole.

WA NKUHUNGU: Mkuu fundi simu kapima, haikulia. Nimeuacha mkwaruzo kama ulivyosema, nikasafisha na kupaka nta tu. Sasa nimefunga rili yote na kuna washa moja ndogo nyeusi imebaki mezani.

JIBU: Angalia picha ulizopiga hatua ya 1.

WA NKUHUNGU: Sikupiga.

JIBU: Usiifungue tena. Jumamosi asubuhi tukutane Hombolo, uje nayo na hiyo washa kwenye kiberiti isipotee. Chambo utanunua wewe.