Rangi mbili za krimu zinazokaribiana: uchague ipi kwa kuta za nyumba ya Lamu?

Usiamulie dukani. Kadi ya rangi ni ndogo, na taa ya duka si mwanga wa chumbani kwako. Kwanza weka kadi zote mbili juu ya karatasi nyeupe ya kuandikia. Hapo utaona ipi ina umanjano, ipi ina uwaridi au ukijani.

Nunua kopo dogo la kila moja. Paka vipande viwili vya plaiwudi, sentimita 60 kwa 60, mikono miwili (yaani mara mbili), uviache mpaka kesho yake. Ukijaribia ukutani, rangi ya zamani inayobaki pembeni itakudanganya macho.

Visimamishe wima, kimoja kimoja, karibu na boriti, mlango na sakafu, kwa kuwa vitu hivyo hubadilishi. Tazama saa moja asubuhi, saa sita, saa kumi na moja jioni, kisha usiku taa zikiwaka. Balbu ya kelvini 2700 (kipimo cha rangi ya mwanga, huandikwa K) hukoleza umanjano; ya 6500 huleta ubuluu, na krimu nzuri ya mchana ikageuka kijivu.

Katika nyumba za mawe, mwanga hupungua kadiri unavyokiacha nyuma kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu. Msana, ukumbi mrefu unaotazama kiwanda, hupata mwanga mwingi, kwa hiyo krimu iliyopoa, isiyo na umanjano mwingi, hukaa vizuri. Chumba cha ndani, chenye giza, kinataka yenye umanjano. Yenye ukijani humo huonekana kama ukuta ulioota ukungu. Mwarobaini ukiwa dirishani, ukijani huzidi. Zikilingana bado, chukua iliyo hafifu, maana rangi hukolea ikishazunguka kuta nne.

Ukuta wa matumbawe na lipu ya chokaa usipakwe rangi ya plastiki kamwe. Hufungia unyevu, chumvi ikaisukuma kwa nyuma, ikabambuka. Tumia chokaa iliyotiwa rangi ya unga, na usiihukumu ikiwa mbichi: ikikauka hupauka sana.

Kwa ukuta wa saruji, lita moja hupaka takriban mita 10 za mraba, mkono mmoja. Chumba cha mita 6 kwa 2.5, kimo mita 3, kina mita 51 za mraba za kuta. Mikono miwili ni lita 10 hivi. Nunua zote siku moja, uzichanganye kwenye ndoo moja kubwa, kwa sababu kopo na kopo huweza kupishana kidogo, na kwa krimu tofauti hiyo huonekana katikati ya ukuta.