Hela za shoo: mpangilio wa kugawana kabla bendi haijagombana

Ugomvi wa fedha katika bendi ya watu wanaopiga muziki kwa mapenzi hausubiri hela ziwe nyingi. Huanzia kwenye vijisenti: nani aliweka mafuta kwenye gari, nani alinunua waya wa mikrofoni, kwa nini mwimbaji alishika bahasha kabla ya wengine kuiona. Kiasi kikiwa kidogo mtu huona haya kukidai, hunyamaza, lakini hasahau. Dawa ni kuamua utaratibu wa makato kabla shoo haijapigwa.

Makato kwanza, mgawo baadaye

Tuchukulie bendi ina watu 5 na shoo imelipa 600. Usafiri umekula 90, fundi mitambo 60. Kosa la kawaida ni kugawa palepale: 600 kwa watu 5, kila mtu 120, watu wanaagana. Kumbe gari na fundi vililipwa na mpiga besi kutoka mfukoni mwake. Ameingiza 120, ametoa 150. Amepiga usiku kucha na anarudi nyumbani na hasara ya 30, na kesho yake itabidi awapigie simu wenzake wanne kuomba 30 kwa kila mmoja. Wawili watalipa, mmoja atasema "tutaongea", mwingine hatapokea.

Kwa hiyo zitoke kwanza gharama zenye risiti au bei iliyokubaliwa: usafiri, fundi, vyombo vya kukodi. Kisha deiwaka, yaani mpigaji wa kuziba pengo, kama yupo. Zinazobaki ndizo za kugawa, na mafungu yawe idadi ya watu jumlisha moja. Hapa zimebaki 450. Watu 5 ni mafungu 6, kila fungu 75. Fungu la sita ni la mfuko wa bendi. Likiwa na hadhi sawa na fungu la mtu, hakuna atakayesema mfuko unamla.

Aliyeleta shoo naye akiahidiwa asilimia, semeni ni asilimia ya nini. Kumi kwa mia ya 600 ni 60. Kumi kwa mia ya 450 ni 45. Tofauti ya 15 inaonekana upuuzi, lakini kwa shoo 20 ni 300, nusu ya shoo nzima. Sisi tunashauri ihesabiwe baada ya gharama, ili aliyeleta kazi asiwe na faida ya kukubali shoo ya mbali inayomezwa na nauli. Nayo ikatwe kabla ya mafungu kugawanywa.

Deiwaka hapati fungu. Anapewa kiasi maalumu, kinachotajwa kwenye simu ya kwanza mnapomwita, na analipwa hata kama viingilio vya mlangoni vimekuwa vibaya. Hana sehemu katika mfuko, basi msimbebeshe hasara yenu. Hela za kutunzwa jukwaani ziingie kapu moja, hata kama zote zilibandikwa kwenye paji la mwimbaji. Vinginevyo mpiga ngoma aliyejificha nyuma ya sahani zake hatapata kitu maisha yake yote.

Na advansi, yaani malipo ya awali, si mapato. Ikae bila kuguswa mpaka shoo ipigwe, isipokuwa gharama za shoo hiyohiyo. Bendi inayogawana advansi hujikuta inaidai upya kutoka kwa wanachama wake pale mwenye shughuli anapoahirisha na kutaka hela yake.

Sawa kwa sawa, au kwa uzito?

Kila bendi ina mtu anayeamini watu wanakuja kwa ajili yake. Huenda ni kweli. Hata hivyo, kwa kazi ya jukwaani gaweni sawa, kwa sababu hakuna mizani ya kupima gitaa dhidi ya sauti. Kazi ya nje ya jukwaa ndiyo ilipwe kwa tofauti, kwa kuwa inapimika: mwenye gari alipwe kama mwenye gari, na mwenye spika alipwe kiwango kilekile kila zinapotoka nyumbani kwake. Msipofanya hivyo, siku spika ikiungua mtabishana kama ni yake au ni yenu.

Ada ya chumba cha mazoezi ilipwe na wote, aliyekuja na asiyekuja, maana chumba hakipungui bei kwa kuwa mtu mmoja hayupo. Nyuzi za gitaa, vijiti na betri ni za mwenyewe.

Ukimya nao ni mkataba. Mike Joyce, mpiga ngoma wa The Smiths, bendi ya Uingereza ya watu wanne, alikuwa akipewa asilimia 10 ya faida. Alikwenda mahakamani akidai robo, na mwaka 1996 akashinda. Sheria ya Ubia ya Uingereza ya 1890 inasema washirika wasipokubaliana vinginevyo, faida hugawanywa sawa. Kama mnataka mgawo usio sawa, uandikwe na kila mtu atie sahihi.

Nyimbo zenu wenyewe

Hapa kuna mifuko miwili, na watu huichanganya: haki ya utunzi na haki ya rekodi. Aliyepiga kwenye rekodi si lazima awe mtunzi. Siku wimbo unapokamilika mazoezini, kabla ya studio, jazeni karatasi moja: jina la wimbo, tarehe, asilimia za maneno na za muziki kwa kila mtu, jumla 100, sahihi zote. Kipande cha utangulizi ambacho kila msikilizaji anakikumbuka kijadiliwe siku hiyo. Matthew Fisher, mpiga ogani wa bendi ya Uingereza Procol Harum, alidai fungu la wimbo uliotoka 1967 karibu miaka 40 baadaye, na mwaka 2009 Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, likathibitisha asilimia 40 ya haki ya muziki kuwa yake.

Kama moto umeshawaka

Msijadili usiku wa shoo, mmechoka na noti ziko mezani. Kila mtu aandike anachodai: tarehe, kiasi, ushahidi. Madai yasiyo na kiasi ("mimi ndiye najitolea sana") yawekwe kando. Hayo ni malalamiko ya heshima, na hela haiyatibu. Amueni deni la nyuma peke yake, kisha kanuni ya mbele peke yake. Anayepokea malipo asiwe anayeandika daftari. Bendi ikiwa na ndugu au wanandoa, masuala ya fedha yahitaji kura za kaya mbili au zaidi.

Anayeondoka alipwe sehemu yake ya vyombo vya pamoja. Hesabu rahisi: chombo cha 1,000 kishushwe 200 kila mwaka kwa miaka 5. Baada ya miaka 2 kina thamani ya 600, na kwa watu 5 fungu lake ni 120, alipwe kutoka mfukoni mwa bendi ndani ya miezi mitatu. Kama akaunti ya kusambazia nyimbo mtandaoni iko kwa jina lake, ihamishwe na neno la siri libadilishwe kabla hajapokea awamu ya mwisho.