Kabla Hujampa Paka Mchanga Tone la Maziwa

Kwanza hakikisha ni yatima kweli. Paka jike akitoka kuwinda hukaa saa kadhaa, na watoto wengi huokotwa mama yao akiwa nyuma ya ukuta, anasubiri tu watu waondoke. Watoto walioshiba hulala kimya wakiwa wamelundikana. Walioachwa hulia mfululizo, matumbo yamebonyea. Kama hawako juani, kwenye mvua wala njia ya magari, kaa mbali utazame kwa saa 3 au 4. Mama akirudi, mlishe yeye. Paka anayenyonyesha hula mara mbili hata tatu ya kawaida yake, na hakuna kopo la maziwa litakaloshindana naye. Maziwa yake ya siku ya kwanza ndiyo yanayobeba kinga, na utumbo wa mtoto huipokea kinga hiyo kwa saa 18 hivi tangu azaliwe; baada ya hapo mlango umefungwa.

Ukishaamua kumchukua, tafuta mizani kabla ya kutafuta maziwa. Iwe ile ya jikoni inayosoma gramu moja moja, maana kila kipimo kinachofuata kinaanzia kwenye uzito. Paka aliyezaliwa leo ana gramu 100 hivi, na akiwa na afya njema huongeza gramu 10 hadi 15 kila siku. Mpime asubuhi kabla ya kula, uandike. Siku moja bila kuongezeka ni onyo. Akipungua, usingoje kesho. Umri nao unasomeka mwilini: macho yamefumba na masikio yamelala, hajafika siku 10, macho yamefunguka na anatambaa kwa kuyumba, ni wiki 2 au 3, vijino vya mbele vimechomoza, yuko wiki ya 3 hadi ya 4, uzito ukielekea gramu 400. Wa wiki 8 hufika gramu 800 au 900.

Vifaa vingine ni vichache: mabomba ya sindano ya mililita 1 na 3 yaliyong'olewa sindano, chupa ndogo yenye chuchu, pamba, boksi, vitambaa, na chupa ya chai yenye maji ya moto ili usihangaike na jiko saa 8 usiku.

Sasa maziwa. Ya ng'ombe peke yake hayafai, na ya mbuzi hayana tofauti kubwa, hata kama jirani anaapa kwamba paka wake wote wamekulia hayo. Maziwa ya paka yana protini karibu maradufu ya maziwa ya ng'ombe, yana mafuta zaidi, na sukari ya laktosi kidogo. Mtoto akinywa ya ng'ombe, laktosi isiyosagika huvuta maji utumboni, anaharisha, na kwa kiumbe cha gramu 150 kuharisha nusu siku kunatosha kumkausha. Maziwa ya unga ya watoto wa binadamu nayo yana protini kidogo mno. Tafuta maziwa ya unga ya watoto wa paka kwenye duka la dawa za mifugo au kwa daktari wa mifugo, changanya kama lebo inavyosema, wala usiongeze maji ili yadumu. Yakishachanganywa hukaa kwenye friji saa 24, basi. Yaliyobaki kwenye chupa baada ya kunyonywa, mwaga.

Ukikwama usiku na maduka yamefungwa, kuna mchanganyiko wa kuvusha siku moja: mililita 240 za maziwa ya pakiti yasiyoondolewa mafuta, viini 2 vya yai, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia, vikorogwe vizuri na kuchujwa. Ute wa yai uache. Asali isitiwe. Na siku moja maana yake siku moja, usije ukazoea kwa sababu ni rahisi.

Tufike kwenye jambo linaloua kuliko yote hayo, ambalo wala si chakula. Ni baridi.

Inavyokuwa ni hivi. Mtoto anaokotwa alfajiri kwenye mtaro baada ya mvua. Amelegea, halii, ukimtia kidole mdomoni unahisi ubaridi. Aliyemwokota ana huruma, na huruma yake inamwambia huyu ana njaa. Anapasha maziwa mazuri kabisa, ya kopo, kipimo sahihi. Anamdondoshea. Mtoto anameza kidogo, mtu anafurahi, anaongeza. Baada ya saa moja tumbo limekaza kama ngoma. Mchana maziwa yanarudi yenyewe puani, anaanza kupumua kwa sauti ya kukwaruza, jioni amekufa, na watu wanasema alikuwa mgonjwa tangu zamani. Hakuwa. Paka mchanga hawezi hata kutetemeka ili ajipashe. Joto la mwili wake likishuka chini ya nyuzi 35, utumbo unasimama. Maziwa yanakaa tumboni kama yalivyoingia, yanachacha, yanatoa gesi, kisha yanapanda kooni na kuingia kwenye mapafu. Kwa hiyo maziwa yale yale yaliyokuwa yamwokoe ndiyo yaliyommaliza.

Joto kwanza, maziwa baadaye. Mkaushe kwa kitambaa, umweke kifuani kwako ndani ya nguo, au tia maji ya moto kwenye chupa ya plastiki, izungushie khanga mikunjo miwili, umlaze pembeni yake. Acha nafasi ndani ya boksi ambako atajiondoa akizidiwa, kwa sababu kuungua nako kupo. Usimtumbukize kwenye maji ya moto wala kumweka karibu na jiko la mkaa. Joto lipande polepole, saa 1 hadi 3. Akiwa amelegea sana, mpake tone la maji ya sukari kwenye ufizi kwa ncha ya kidole. Umpake tu, usimmiminie. Mdomo ukiwa na joto na akaanza kutafuta chuchu kwa kichwa, hapo sasa mlishe. Wiki ya kwanza boksi lake linahitaji nyuzi 30 hivi, na usidanganyike kwamba Mombasa au Dar hakuna baridi: sakafu ya saruji saa 10 alfajiri inatosha kumpoza asiye na mama.

Kipimo cha kila mlo hakipiti mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito, kwa kuwa ndipo tumbo lake linapoishia. Mwenye gramu 100 apewe mililita 4 kila baada ya saa 2, usiku na mchana. Akifika gramu 200 ni mililita 8 kila saa 2 au 3. Gramu 300, mililita 12 kila saa 3 au 4. Gramu 400, mililita 16 kila saa 4 au 5. Akiacha kabla ya kumaliza, usimlazimishe. Akimaliza na bado analia, usimzidishie mlo huo, sogeza mbele saa ya mlo unaofuata. Kinyesi cha manjano chenye majimaji mara nyingi ni shibe iliyopita kiasi: punguza kipimo, na kisipokoma ndani ya saa chache nenda kwa daktari wa mifugo.

Namna ya kumshika ni muhimu kama kipimo. Tumbo liwe chini, miguu minne ikikanyaga taulo, kichwa kimeinuka kidogo, jinsi anavyonyonya kwa mama yake. Kumlaza chali kama mtoto mchanga wa binadamu kunapeleka maziwa kwenye mapafu moja kwa moja. Maziwa yawe na joto la nyuzi 38 hivi, ukidondosha kwenye kiganja usihisi moto wala baridi. Bomba lisukumwe tone kwa tone, ameze kwanza ndipo ufuate. Chuchu ya chupa itobolewe tundu dogo. Ukiigeuza, maziwa yadondoke, yasitiririke. Yakitokea puani, acha papo hapo, inamisha kichwa, futa, na umwangalie kupumua kwake siku mbili zinazofuata.

Kabla na baada ya mlo mpapase chini ya mkia kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu mpaka akojoe. Hawezi mwenyewe hadi wiki ya 3 hivi. Watu husahau hili, kisha wanashangaa tumbo gumu.

Wiki ya 4 ataanza kuitafuna chuchu badala ya kuinyonya. Ndiyo dalili. Weka sahani ya kina kifupi yenye chakula laini cha watoto wa paka kilichopondwa na maziwa yake, kizito kama uji. Atakanyaga, atapaka kichwani, ataramba miguu, na ndivyo anavyojifunza. Endelea na chupa pembeni, usimwachishe ghafla. Kuanzia hapo maji safi yawepo muda wote. Wiki ya 6 loweka chakula kikavu kwa maji ya uvuguvugu dakika 15 hadi 20. Wiki ya 8 ataweza kukitafuna kikiwa kikavu, gramu 40 hivi kwa siku zilizogawanywa milo 4. Milo 4 hiyo iende hadi miezi 4, kisha 3 hadi nusu mwaka.

Asiye na uwezo wa kununua chakula cha paka kila wiki, na wengi hatuna, apike. Lakini ajue anachopika. Ugali na maziwa si chakula cha paka. Paka anahitaji taurini, ambayo iko kwenye nyama, samaki na viungo vya ndani kama moyo, na mwili wake hauitengenezi ya kutosha. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis walionyesha kwamba upungufu wake hutanua moyo wa paka hadi ushindwe kusukuma damu. Kabla ya hapo ilikwishajulikana kuwa hupofusha macho. Kwa sababu hiyo hiyo chakula cha mbwa kisiwe mlo wake. Nyama tupu nayo ina kasoro: fosforasi nyingi, kalsiamu kidogo mno, hivyo mwili unachota kalsiamu mifupani, na mtoto wa miezi 3 au 4 anavunjika mguu kwa kuruka tu kutoka kwenye kiti. Hapa dagaa ni msaada mkubwa, maana huliwa mzima na mifupa yake. Ondoa mchanga uliochanganyika nao, loweka, chemsha, mwaga maji ya kwanza hasa kama ni wale wa chumvi, kisha saga na mifupa yake uchanganye na kuku au moyo wa ng'ombe uliochemshwa bila chumvi wala kiungo. Ugali au wali uwe wa kuongezea tu, robo ya sahani ni nyingi tayari. Maini kidogo mara moja kwa wiki. Yakizidi, vitamini A inaharibu mifupa. Samaki wabichi usizoeze, baadhi yao wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na paka anaishia kuinamisha kichwa kifuani, kuyumba, kisha degedege. Moto unakiua kimeng'enya hicho. Mifupa ya samaki wakubwa kama changu au ya kuku iliyopikwa itoe yote.

Anayekula sana na hakui, mbavu nje na tumbo mbele, ana minyoo. Wengine huipata kwenye maziwa ya mama. Dawa yake hutolewa kwa uzito, kwa kawaida kuanzia wiki ya 3 na kurudiwa kila wiki 2 hadi wiki ya 8. Mwachie daktari wa mifugo akupimie, usikate kidonge cha mtu mzima kwa kisu. Viroboto viondoe kwa kitana na maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, umkaushe mara moja. Unga wa kupaka ng'ombe na dawa za mbwa zenye permetrini, sumu ya wadudu, visimguse.

Mchuzi wa jana una kitunguu na saumu, ambavyo huharibu damu ya paka, kwa hiyo usimpe. Panadol pia, hata robo, hata akiwa anachemka: kidonge kimoja kinaua paka mkubwa. Na watoto wa nyumbani waambiwe wasimlishe wao wakati wewe hupo, na mabomba ya sindano uyafungie kabatini.