Somo: Kupima sumukuvu (aflatoksini, sumu inayotolewa na kuvu) kwenye mahindi kwa kijiti cha kingamwili (protini inayonasa kitu kimoja maalumu)

Naandika mara moja. Atakayeniuliza tena faragha nitamrudisha hapa.

1. Sampuli. Vipimo vingi huharibikia hapa, wala si kwenye kijiti. Kuvu haienei sawasawa: punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia, zilizo jirani zikawa salama. Ukichota kiganja juu ya gunia umepima kiganja hicho tu. Piga bambo (chuma chenye tundu cha kuchotea nafaka guniani) juu, kati na chini, magunia ya pande zote za rundo, upate kilo kadhaa. Usichague punje mbovu, usizikwepe pia. Saga ZOTE laini, changanya, NDIPO upime gramu zako. Anayepima gramu kwanza akasaga hizo tu anajidanganya. Safisha mashine kabla ya sampuli nyingine.

2. Changanya unga na kiyeyushi kwa uwiano ulioandikwa kwenye boksi.

3. Tikisa, acha utuame, chuja.

4. Chovya kijiti, tazama saa.

5. Soma. Mstari wa kipimo ukififia, sumu ipo; ukikolea, sampuli ni safi. Mstari wa uthibitisho usipotokea, tupa, rudia.

Kikomo cha Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni kwa sumukuvu zote kwa jumla, 5 kwa B1, aina iliyo kali zaidi.

MASWALI

— Mkuu nimepata mistari miwili, mahindi yana sumu?
Hatua ya 5.

— Si ugali ukiiva sumu inakufa?
Kuvu ndiyo hufa. Sumu hustahimili moto wa jikoni. Mwaka 2004 watu 125 walifariki Kenya, wengi Makueni na Kitui, na mahindi yao waliyapika.

— Samahani mwalimu, kwa nini mstari ufifie badala ya kukolea?
Swali zuri. Molekuli ya sumukuvu ni ndogo mno, kingamwili mbili haziwezi kuishika kwa pamoja. Basi mstarini hubandikwa sumu iliyofungwa kwenye protini. Kingamwili zenye rangi zikikuta sumu kwenye sampuli yako, hushikana nayo njiani, mstarini hazinasi. Sampuli safi huziacha huru, mstari unakolea.

— Mimi namulika kwa taa ya zambarau, zinang'aa kijani-njano.
Huo ni mng'ao wa kitu kinachotokana na asidi ya kojiki, ambayo kuvu huitoa pia, si wa sumu yenyewe. Unakuonyesha pa kushuku tu.

— Nikikoboa je?
Inapungua sana, ila inahamia kwenye pumba. Ukimpa ng'ombe wa maziwa pumba hizo, sehemu ya sumu inatokea kwenye maziwa kama M1, umbo ambalo B1 hugeuzwa mwilini mwa ng'ombe. Pima na pumba.