Meza mbili pacha, mbao mbili za rangi tofauti: fanya hivi

Kama useremala ni kitu unachopenda kufanya ukiwa na muda wako, tengeneza meza mbili ndogo za pembeni zinazofanana kila kitu isipokuwa rangi zimepishana. Chukua mninga na paini, au mbao zozote mbili, moja imekolea moja nyeupe. Uso wa kila meza una vipande 5 vya upana wa sm 9, meza ya kwanza inabeba vitatu vya mninga na viwili vya paini, ya pili kinyume chake, afu meza yenye uso mweusi zaidi unaipa miguu myeupe na ile nyingine miguu ya mninga. Kwa hiyo unakata 5 na 5, hamna kipande kinachobaki.

Mbao ziwe kavu kweli, zote mbili, unyevu kama asilimia 8 mpaka 12, na ziache zikae ndani ya chumba wiki mbili hivi kabla hujazigusa. Mbao inatanuka na kusinyaa kwa upana, kwa urefu karibu hamna, na kila mti una kiasi chake, sasa ukiunganisha moja kavu na nyingine mbichi gundi itaachia tu.

Siri ya meza kufanana ni usitengeneze moja ukamaliza ndo uanze nyingine. Futikamba uitumie mara moja tu, funga kipande cha mbao kwenye msumeno kama kizuizi halafu miguu yote 8 ikatwe hapohapo bila kupima tena. Matundu ya kuingizia ndimi (zile ncha zilizochongwa) za fremu inayounganisha miguu nayo chora kwa kubana miguu yote 8 pamoja na kupiga mstari mmoja kwa guni, ile rula ya pembe mraba, hata ukikosea milimita zinakosea zote sawa.

Kwenye kugundisha panga nyuzi za mbao zote zielekee upande mmoja, klampu nyingine pitisha juu nyingine chini ili uso usipinde, na usikaze mpaka gundi yote ikatoka, ikionekana imechungulia kwenye mstari mzima inatosha. Kama mbao yako ina mafuta ya asili, mfano mtiki, futa kingo na asetoni kwanza ndo upake gundi.

Msasa ndo panapoharibika kazi za watu wengi. Paini ni laini kuliko mninga, ukisugua kwa mkono mtupu paini inaliwa haraka na uso unabaki na mawimbi, hauyaoni mpaka vanishi ikikauka na taa ikamulika kwa ubavu. Kwa hiyo zungushia msasa kwenye kipande kigumu kilichonyooka, anza namba 80, 120, 180, malizia 220, kila mara fuata nyuzi. Na lile vumbi jekundu la mninga linaingia kwenye paini na kuifanya ionekane chafu, usilifute na kitambaa kilicholowa kabisa, linyonye na mashine au lipulizie hewa. Vaa barakoa jamani, vumbi la mninga linawasha kifua.

Kabla hujafikia 220 paka sila nyepesi, yaani kile kipakwa cha kuziba mbao, sehemu za paini tu, ile inaziba vinyweleo na uchafu haushiki tena. Vanishi mimi nasimamia ya maji, manake ya mafuta inaifanya paini kuwa ya njano na ile tofauti ya rangi uliyoihangaikia inapungua. Paka tabaka tatu nyembamba, juu na chini, watu wanasahau chini afu meza inapinda.

Kuufunga uso kwenye fremu usitie gundi. Tumia skrubu, matundu yake kwenye fremu yawe marefu kidogo kuelekea upana wa uso, ili mbao ikitanuka ipate pa kwenda. Ukimaliza ziweke zote mbili sehemu yenye mwanga sawa, moja ikikaa juani peke yake rangi zitaachana.