Umenunua kompyuta mpya? Soma hii kabla hujaiunganisha na bando lako

Watu wengi wanadhani ukishalipa dukani kazi imeisha, ukifika home ni kuchomeka tu na kuanza kutumia, kumbe usumbufu ndo unaanzia hapo. Windows 11 ukiiwasha mara ya kwanza inataka intaneti, inataka akaunti ya Microsoft, inataka ukubali masharti kibao, na muda wote huo kiduara kinazunguka na bando linakwenda. Inauma kwa kweli, maana mtu kajibana muda mrefu apate hii mashine mtoto asomee au afungue stesheneri yake.

Tuanzie dukani, hasa kwa mnaochukua mtumba. Windows 10 iliachwa kupewa apdeti za usalama tarehe 14 Oktoba 2025, ukijiandikisha kwenye nyongeza ya apdeti wanayoiita ESU unafika 13 Oktoba 2026 basi. Sasa kuna mashine za zamani zimelazimishiwa Windows 11 kijanja, inawaka vizuri tu ila Microsoft hawakuhakikishii apdeti. Angalia namba ya prosesa: ikiwa ni Intel i5-6300U hiyo 6 ya mwanzo ni kizazi cha sita, achana nayo, kwa kawaida unatafuta kizazi cha 8 kwenda juu. Afu bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc (TPM ni kichipu cha usalama ambacho Windows 11 inakitaka), ikifunguka tafuta toleo 2.0. Kama ni desktop ya zamani geuza nyuma penye soketi ya waya wa umeme, zingine zina kiswichi chekundu kimeandikwa 115 na 230, kikiwa 115 usichomeke kabisa kwenye umeme wetu, kisogeze kwanza.

Na RAM, yaani memori ya kufanyia kazi, chukua ya kutosha siku hiyohiyo kama mfuko unaruhusu, GB 16 kuliko 8. Bei za RAM zilipanda sana mwishoni mwa 2025 kwa sababu viwanda vinapeleka nguvu kwenye memori za seva za AI, mpaka Micron walitangaza Desemba 2025 kwamba wanaachana na Crucial, ile chapa yao ya RAM na SSD za watu wa kawaida. Halafu laptop nyingi nyembamba RAM imegandishwa kwenye bodi, hakuna kuongeza baadaye.

Haya, umefika nyumbani. Kwenye saa usihangaike kutafuta Dar es Salaam, chagua Nairobi, UTC+03:00, ni saa ileile. Kwenye kibodi kuwa makini: mashine iliyotoka Uingereza ukiiwekea mpangilio wa Marekani, @ na alama ya kunukuu zinabadilishana nafasi, unabaki unaandika paswedi yako sahihi inakataa na hujui kwa nini. Ijaribu @ sehemu ambayo maandishi yanaonekana kabla hujaandika paswedi yoyote.

Ukishaingia tu, kabla ya kitu kingine chochote, kama unatumia hotspot ya simu nenda Settings, Network & internet, fungua waifai uliyounganisha, washa Metered connection. Hapo apdeti nyingi zitasubiri na OneDrive, ile hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, itatulia. Usiache hivyo moja kwa moja lakini, apdeti za usalama ni muhimu, siku ukipata waifai ya ofisini au kwa ndugu unazima hiyo na kuiacha ishushe zote.

Sasa hili ndo naomba mlisome mara mbili. Tangu toleo la 24H2 la Windows 11 la mwaka 2024, kompyuta mpya nyingi ukiingia kwa akaunti ya Microsoft diski inafungwa yenyewe kwa msimbo (BitLocker) bila wewe kujua, hata kwenye Windows ya Home, na ufunguo wake wenye tarakimu 48 unahifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika kuiwasha. Siku fundi akibadilisha bodi au akigusa mipangilio ya BIOS (ile programu ya kwenye bodi inayowasha mashine), skrini ya bluu inakuja kudai hizo tarakimu, na usipokuwa nazo picha na kazi zako zote zimekwenda, hakuna fundi wa kukusaidia hata umlipe nini. Tatizo kubwa ni pale kijana wa dukani anakuwashia mashine kwa imeili yake mwenyewe ili akusaidie, ufunguo unabaki kwake! Kwa hiyo mwambie asiguse, utawasha mwenyewe. Kama keshaiwasha, kabla hujaweka faili lolote nenda Settings, System, Recovery, Reset this PC, chagua Remove everything, na ukiulizwa chagua Local reinstall, maana Cloud download inaweza kula zaidi ya GB 4. Ukimaliza kuweka akaunti yako ingia aka.ms/myrecoverykey kwa simu, ukiukuta ufunguo unakili kwenye karatasi, ikae na vyeti vyenu vya nyumbani. Na hiyo imeili iwe unayoikumbuka na yenye namba ya simu iliyo hai.

OneDrive nayo inapenda kubeba Desktop, Documents na Pictures kupeleka mtandaoni bila kukuuliza vizuri, na nafasi ya bure ni GB 5 tu, ikijaa inaanza kukusumbua ulipie. Bonyeza kile kiwingu chini kulia, ingia mipangilio yake, zima hiyo bakapu, ila hakikisha unachagua faili zibaki kwenye kompyuta. Office iliyokuja nayo mara nyingi ni ya majaribio, ikiisha weka LibreOffice, ni bure na inafungua faili za Word na Excel.