Jinsi ya Kupata Pizza Nzuri Ukiwa Mji wa Ugenini

Kabla ya kutafuta mgahawa, jua kwanza mji huo unaoka pizza ya aina gani. Wasafiri wengi hulipuuza hili, kisha wanailaumu pizza isiyo na kosa. Pizza ya Napoli ni laini, katikati ina unyevu, na wengi huila kwa kisu na uma. Aliyezoea pizza kavu ataidhani mbichi. Ya Roma ni nyembamba na inavunjika ukiitafuna. Roma hiyohiyo utakuta pia pizza al taglio, ya trei, inayokatwa kwa mkasi na kuuzwa kwa uzito: unaonyesha kwa kidole kipande unachokitaka kiwe kikubwa kiasi gani, kinawekwa kwenye mizani, unalipa. New York huuza kipande kikubwa cha kukunja na kula kwa mkono. Pizza nene ya Chicago hukaa ovenini dakika 30 hadi 45, kwa hiyo ikifika mezani baada ya dakika kumi ujue iliokwa mapema. Detroit ni ya pembe nne, na ule ukoko wa jibini ulioungulia kandokando ya trei ndio utamu wenyewe. Buenos Aires wanaipenda nene, jibini tele, na juu yake huweka kipande cha fainá, mkate bapa wa unga wa dengu.

Ukishajua aina, fungua ramani ya simu. Isogeze mbali na vivutio vya watalii, uende kwenye mitaa wanakoishi watu au karibu na chuo kikuu, kwa sababu mgahawa wa hapo unaishi kwa wateja wanaorudi. Andika utafutaji kwa lugha ya pale. Italia, kwa mfano, andika "pizzeria forno a legna" ukitaka tanuri la kuni. Maoni yapange kuanzia mapya na usome ya miezi mitatu ya karibuni: mwokaji akiondoka, pizza hubadilika hata kama jina mlangoni ni lilelile. Wastani wa nyota 4.4 uliotokana na watu elfu moja una uzito kuliko 5.0 ya watu thelathini. Tafuta maoni yanayozungumzia unga na ukingo. Anayesifia mandhari na tabasamu la mhudumu hajakuambia lolote kuhusu pizza.

Kazi kubwa iko kwenye picha, nazo ziwe zile zilizopigwa na wateja. Kwa pizza ya mtindo wa Napoli, angalia ukingo: uwe umevimba, una madoa meusi madogo yasiyolingana, na ukikatwa uonekane na matundu makubwa kwa madogo. Ukingo uliopauka unaonyesha kwamba tanuri halikuwa na moto wa kutosha, na pizza iliyokaa sana kwenye moto mdogo hukauka ikawa kama biskuti. Kidimbwi cha maji katikati mara nyingi ni mozzarella, jibini laini lenye maji, ambayo haikuchujwa, au vitu vimerundikwa juu hadi unga ukashindwa kuiva. Kitako cheusi kote, chenye uchungu, ni unga mkavu ulioachwa chini ya pizza ukaungua kwenye sakafu ya tanuri. Picha moja mbaya isikutishe. Kosa lilelile kwenye picha tano za siku tofauti ndilo la kuogopa.

Kwa mtindo wa Napoli kuna msaada mwingine: Associazione Verace Pizza Napoletana, chama kilichoanzishwa Napoli mwaka 1984, kina tovuti yenye orodha ya migahawa wanachama katika nchi mbalimbali. Kanuni zake zinataka pizza isiyozidi kipenyo cha sentimita 35, iokwe sekunde 60 hadi 90 kwenye moto mkali sana, zaidi ya nyuzi 400 za Selsiasi. Orodha hiyo haihusu mitindo mingine, na wapo waokaji hodari ambao hawajajiunga.

Ukifika mlangoni, chungulia ndani kabla ya kukaa. Unataka kuona masanduku bapa ya plastiki yamepangwa, ndani yake madonge ya unga yaliyoachwa yaumuke, na mtu anayetandaza donge kwa vidole. Kifimbo cha kusukumia ni cha kawaida kwa pizza nyembamba ya Roma, lakini kwa ya Napoli ni kosa, kwani kinafukuza hewa yote ukingoni. Kuni zisikupumbaze, tanuri la gesi lililopata moto vizuri linalishinda la kuni lililopoa. Menyu yenye pizza, sushi na baga kwa pamoja, au kijana anayekuita kutoka barabarani, vinatosha kukufanya uendelee na safari.

Agiza Margherita kwanza, pizza ya nyanya na jibini, au kipande cha pizza ya jibini tupu ukiwa New York. Nyanya, jibini na unga vikiwa peke yake havina pa kujificha. Inua ukingo uangalie kitako, kisha tafuna kipande cha ukingo kisicho na kitu: kiwe chepesi, kina chumvi ya kutosha na harufu ya mkate. Kama ni kitamu hivyo hivyo, agiza unachotaka mara ya pili. Ukinunua kwa vipande, uliza ni pizza gani imetoka ovenini sasa hivi. Kupashwa moto si kosa, ila jibini iliyokauka na kupasuka imekaa mno.

Saa nayo ina uzito. Migahawa mingi ya Italia huwasha tanuri la pizza jioni tu, na mingi hufunga siku moja kwa wiki. Fika mapema kidogo kabla ya msongamano. Pizza zikiingia mfululizo, sakafu ya tanuri hupoteza joto na vitako hutoka vyeupe.

Ukilazimika kuondoka nayo, acha kifuniko cha boksi wazi kidogo mvuke utoke, na uile ndani ya dakika kumi.